Pioneertown: Mji wa Sinema za Kikauboi, Nimeugonga Ukuta Ukaitika

Wapendwa, karibuni tena. Leo hatuchambui simu, simu zimenichosha. Leo tunachambua mji! Huu nyuma yangu ni Pioneertown, jangwa la Mojave, California. Kutoka Los Angeles ni saa mbili na kitu bila foleni, na hiyo "bila foleni" ni hadithi ya kumbembelezea mtoto.

Mambo ya makauboi mnayajua, sote tumekulia kibanda umiza: farasi, bastola, stelingi hafi. Mji ulianza 1946, na waliotia pesa ni waigizaji wenyewe, Roy Rogers akiwemo. Jina ni la kundi aliloimba nalo, Sons of the Pioneers. The Cisco Kid ya televisheni ilipigwa hapa. Basi, imetosha.

Kilichonileta ni hiki. Mnaliona hili duka? Kwa mbele ukuta wa mbao umepanda weee, ungesema ghorofa. Haya, kamera ije pembeni. Taratibu, usinikate kichwa! Paa limeanzia wapi? Pale chini! Huko juu kote ni mbao tupu, nyuma hakuna chumba wala dari. Rudi mbele: ghorofa. Njoo pembeni: kibanda. Mbele tena. Jamani, naweza kushinda hapa!

Nilidhani ni ujanja wa sinema. Kumbe wafanyabiashara wa kweli wa karne ya 19 huko magharibi ndio waliokuwa wakijenga hivi, kibanda kidogo kikapewa uso mkubwa ili mteja aone hapa pana pesa. Kariakoo wangeelewa mara moja.

Ngoja, upepo. Mnanisikia? Hii ndiyo maikrofoni mpya mliyonichangia, ile ya zamani imepumzika kwa amani. Ahsanteni sana.

Bei: kutembea barabarani bure. Kinachokula hela ni mafuta ya gari na maji, na maji beba, msiniige mimi na kichupa kimoja. Barabara yenyewe ya vumbi inaitwa Mane Street. Wamechezea neno hapo: kwa Kiingereza "kuu" na zile nywele za shingoni mwa farasi hutamkwa sawa. Maduka mengi nimeyakuta yamefungwa. Nimekuja Jumanne, kosa langu.

Mtaniambia mbona sikwenda Calico, ipo mkoa huu huu wa San Bernardino. Nimekwenda. Ule ni mji halisi wa machimbo ya fedha, wa 1881, uliokufa madini yaliposhuka bei. Mwaka 1951 tajiri Walter Knott akaununua akaujenga upya. Mzuri, lakini getini unalipa, na ukishafika ndani unajihisi uko kwenye maonyesho. Huu ulijengwa kwa ajili ya kamera, ila waanzilishi walitaka watu waishi humo humo. Nje sinema, ndani maisha. Sasa nawathibitishia, sikilizeni ukuta. Ngo, ngo, ngo. Mmesikia? Mzito. Ngo, ngo...

Weee! Kuna mtu kaitika! "Tumefunga!" Samahani, mama! Lo, anakuja, ana ufagio. Zima kamera. Zima! ... Hapana, usizime, anacheka. Anasema kwa rangi hii ya midomo yangu niingie kwanza ninywe maji.