Vernon God Little: nilicheka mahali pasipochekeka

Riwaya hii ya DBC Pierre ilitoka mwaka 2003 na mwaka huohuo ikatwaa Tuzo ya Booker, ila mimi nimeisoma juzijuzi tu. Mada yake ilinitisha. Wanafunzi wamepigwa risasi shuleni huko Martirio, mji mdogo wa kubuni jimboni Texas. Muuaji, Jesus, naye amekufa. Aliyebaki ni Vernon, mwenye miaka 15, rafiki yake wa chanda na pete. Maiti haishitakiwi, basi mji mzima unamgeukia yeye.

Sasa hapo mtu anachekaje? Nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu Pierre hawagusi waliokufa. Anawashika walio hai. Mwanawe akiwa ananukia jela, mama Vernon roho yake iko kwenye friji mpya aliyoagiza. Friji hiyo kila mara iko njiani, na kila inapotajwa mbele ya marafiki zake unamwona mwanamke anavyopigania asionekane ameishiwa. Mara ya kwanza ilinichekesha. Baadaye nikaanza kumhurumia, halafu nikamkasirikia, na bado nacheka.

Halafu kuna Lally, jamaa mwenye kamera anayejiita mwanahabari. Anamliwaza mama, anahamia nyumbani, na huku anamuuza mtoto kwenye televisheni. Sijachukia mhusika hivi siku nyingi. Biashara yake inakua hadi watazamaji wanapigishwa kura kuamua mfungwa yupi auawe kwanza, na ukifika hapo hushangai hata kidogo, jambo ambalo ndilo linaloogofya.

Kilichonishika zaidi ni aibu ya Vernon. Wakati wa mauaji hakuwapo darasani: tumbo lilimbana akaenda kujisaidia pembeni. Kinga yake yote ni hiyo haja kubwa! Mtu mzima angeitamka mara moja mbele ya polisi. Kwa kijana wa umri ule, aliyezoea kuchekwa, ni heri ang'ate ulimi. Wengi wanaoandika kuhusu vijana huwapa hotuba ndefu za uchungu. Huyu kapewa tumbo bovu na mdomo mchafu, nami nikamwamini.

Mdomo mchafu kwelikweli, nikuonye. Matusi yamejaa kurasa za mwanzo kiasi kwamba nusura nikiweke kitabu kando. Ukivumilia, utasikia chini yake mtoto anayemlilia rafiki yake bila kupewa nafasi ya kulia. Sehemu ya kutorokea Mexico imenipwaya, na mwisho unafunga mafundo haraka mno, kama mwandishi alikuwa anakimbizwa.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Aliyewahi kuguswa na mauaji ya aina hii asikianze bila kujua anachokiendea. Mpenda kicheko chenye shubiri akisome, ila asikisomee kwenye basi.