Redio niliyouziwa Kariakoo: "Zanzibar kama jirani"

Naanza na muuza duka. Redio nitaifikia hasira zikipungua.

Niliinunua Kariakoo, redio ya upepo ya mkononi, zile za baharini. Nikamuuliza yule kijana inafika wapi. "Bosi, ukiwa Kigamboni unaongea na Zanzibar kama jirani." Nikalipa. Mjinga ni mimi, najua, lakini aliapa!

Mwezi hivi baadaye, kusi likiwa limelegea, tukaenda kuvua upande wa Fungu Mbaraka, kisiwa ambacho wageni wanakiita Latham. Mtandao wa simu ulituaga mapema: vijiti viwili, kimoja, "simu za dharura pekee", kisha hata hizo hakuna. Hilo nililitegemea, minara imejengwa kwa ajili ya watu, si jodari. Ndiyo maana nilinunua redio. Injini ikachemka, ikazima. Nikaweka chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kilichoniudhi ni kwamba meli zilizokuwa zikisubiri kuingia bandarini nilizisikia safi, hadi kikohozi cha mtu, ila mimi hakuna aliyenisikia. Kama umesimama dirishani kwenye harusi usiyoalikwa.

Tulirudi usiku, kwa injini iliyopoa na dua nyingi. Kesho yake niko dukani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Ulikaa au ulisimama?"

Nini?

"Kaka, redio haina kosa. Ulikaa chini."

Mbele ya wateja! Angesema "pole" tu, hata ya uongo, nisingeandika haya.

Sasa aibu yangu. Nahodha wetu, mzee wa Kigamboni, nilipomsimulia alicheka hadi akashika mbavu. Akasema mawimbi ya VHF, yaani haya ya redio za baharini kama yangu, hayapindi kuufuata mgongo wa dunia. Yanakwenda moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa chini upeo unakukata mapema. Tena meli inarusha kwa wati 25, sauti yake inanifikia; mimi na wati zangu 5, nimechuchumaa kwenye boti ya fiberi, sauti inachoka njiani. Safari iliyofuata nikapanda juu ya kibanda, nikaita. Boti moja ya uvuvi ikajibu papo hapo. Wallahi machozi yalinilenga.

Basi redio naipa nyota nne. Hapana, tatu, klipu ya kiunoni ilikatika wiki ya pili tu. Na Zanzibar sijawahi kuishika hata mara moja, nikiwa nimesimama, nimekaa, au nimening'inia. Duka linapata sifuri.

Juzi betri imeanza kuishiwa mapema. Nimezunguka mitaa mitatu kutafuta nyingine, wanayo wao tu. Nikaingia, nikalipa. Salamu yangu hakuitikia.