Kilisun na pama ya kushonesha: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Aliyenifanya niandike ni mdogo wangu wa kike. Yuko kidato cha pili, ana ualbino kama mimi, na juzi kanipigia kwa simu ya matroni kuniuliza kama mafuta yake ya jua anaweza kupaka asubuhi tu, imeisha hiyo. Haiwezekani. Ila nilipokata simu nikakumbuka kwamba na mimi nilipaka hivyo hivyo miaka yote ya sekondari.

Kwetu ni Ukerewe, sasa nasoma Mwanza mjini. Kilisun niliipata nikiwa kidato cha nne, kliniki ya ngozi ilipokuja kisiwani. Mafuta haya yanatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, kwa ajili yetu watu wenye ualbino, na tunapewa bure. Kinga yake ni SPF 30, yaani namba ya kupima jinsi mafuta yanavyokinga jua. Kwanza niliidharau namba hiyo, maana kabla yake nilikuwa nimejinyima nikanunua chupa ya SPF 50 kwenye duka moja mjini, mililita 50 kwa shilingi 38,000. Chupa yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kabati la kioo, jua linaipiga tangu asubuhi. Kuifungua nakuta maji yako peke yake na mafuta peke yake. Nageuza kitako, tarehe imepita. Kwa uchungu wa hela nikapaka hivyo hivyo, na shingo ikababuka yote.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenieleza habari ya namba. Ukipaka ya kutosha, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza, na SPF 50 kama 98. Kumbe tofauti ni ndogo hivyo! Shida iko kwenye neno "kutosha". Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya mafuta, mmoja umejaa kidole cha shahada na mwingine cha kati. Unapaka dakika 20 kabla ya kutoka, kisha unarudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukinawa. Mimi nilikuwa najipaka kama mtu anayeonja chumvi. Na sehemu ninazosahau hadi leo ni zile zile: masikio, kisogo, migongo ya viganja, na vidole vya miguu nikivaa kandambili. Mama hanikumbushi kwa upole. Nikiwa mlangoni nasikia tu, "Baba, shingo!"

Sasa piga hesabu. Ukipaka hivyo mwili mzima, hakuna kopo litakalofika kliniki ijayo. Mwaka wa kwanza nilibana matumizi, yaani nikarudi kwenye kuonja. Muuguzi akanicheka: "Mafuta ni ya pale nguo isipofika, mdogo wangu." Tangu hapo navaa mikono mirefu na suruali, mafuta nayaachia uso, shingo na viganja. Shati nalinyanyua kwenye mwanga kwanza. Nikiona vidole vyangu upande wa pili, nalirudisha. Mashati meupe ya shule mengi yanafeli hapo, hasa yakilowa jasho, na ndiyo maana mdogo wangu nimemnunulia fulana ya mtumba ya kuvaa ndani.

Kofia ndiyo iliyonigharimu kabisa. Miaka yote nilivaa kapelo, kwa sababu vijana wote wanavaa kapelo. Inafunika paji la uso na kuacha masikio nje. Kliniki walikuta doa gumu juu ya sikio langu la kulia, wakalichoma kwa gesi ya baridi. Lilijaa malengelenge, likapona, lakini ile siku sikulala.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa fundi cherehani pale Nansio, mji wetu wa Ukerewe, anishonee pama. Dengrizi nzito, ukingo wa upana wa kiganja kuzunguka kote, ndani kitambaa cheusi ili mwanga usinirudie machoni, maana macho yetu nayo yanateswa na mwanga. Shilingi 12,000 na kitambaa juu yake. Ya kwanza ilikuwa na ukingo unaolala kama sikio la mbuzi. Kwenye ya pili fundi akaongeza kitambaa kigumu katikati na kamba ya kidevuni, kwa sababu upepo wa ziwani haubembelezi kofia. Wenzangu wananiita mchunga ng'ombe. Nimezoea.

Jaribio kubwa lilikuwa safari ya Desemba kurudi nyumbani. Nilikaa kwenye sitaha ya meli zaidi ya saa tatu, chini ya turubai, pama kichwani, mawingu yametanda, nikajiona mjanja. Kufika Nansio, nimeungua chini ya kidevu! Jua lilikuwa limenipiga kutoka kwenye maji. Siku hizi natafuta kiti cha ndani, na kidevu nakipaka hadi chini, hata kukiwa na mawingu.

Kilisun naipa nyota tano. Weka kopo ndani ya begi, mbali na dirisha la basi, lisipate moto. Pama naipa nne, moja nimeitoa kwa ajili ya upepo. Ile ya kwanza yenye masikio ya mbuzi kaichukua mdogo wangu, kaitia vitambaa vigumu mwenyewe na kuidarizi maua pembeni. Anasema shuleni wenzake wawili wameshamwomba awatengenezee.