Hesabu maadui kabla hujatoa hela: gemu za bunduki ninazopendekeza

Mwezi wa nne nilitoa shilingi 85,000 Kariakoo kwa diski ya gemu ya bunduki ambayo sitaitaja jina. Nyuma ya kasha walichora ramani kama ya nchi nzima: milima, mito, vijiji, kambi za adui kila kona. Usiku wa pili nilikuwa nimeshakutana na kila adui aliyemo. Mwenye bunduki, mwenye deraya, mdunguzi, mbwa. Basi. Saa ishirini zilizobaki nilikuwa nampiga mtu yule yule. Kaskazini kajifunga kitambaa chekundu, kusini cha buluu, na huyo wa buluu anataka risasi tatu zaidi ndipo aanguke.

Nilirudi dukani siku ya tatu. "Dada, nailoni imeshatolewa, hiyo ni yako." Hata kubadilishana na gemu nyingine ya bei ndogo walikataa.

Tangu nilipolisimulia hilo, wasomaji wameniletea malalamiko yanayofanana kama mapacha. Msomaji mmoja wa Morogoro aliandika kwamba ramani yake ni kubwa mno, lakini akishateka kambi tatu anahisi ameshazicheza zote. Ndugu yangu, shida yako si ramani. Ni hao waliomo ndani ya kambi.

Kwa hiyo humu sitazungumzia ubora wa picha, idadi ya bunduki, wala kucheza na wenzako mtandaoni. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nauliza moja: saa ya tano ya gemu hii, kuna adui ambaye sijamwona saa ya kwanza? Adui mpya ni yule anayekulazimisha ufanye jambo ambalo dakika iliyopita hukuhitaji kulifanya. Aliyebadilishiwa shati na kuongezewa uhai si mpya, na studio inayokuuzia huyo kama mpya inakula jasho lako.

Kipimo chenyewe hakina gharama zaidi ya bando kidogo. Tafuta video ya mtu anayeicheza, ruka mpaka katikati, zima sauti, tazama dakika kumi. Kama mchezaji anajibanza nyuma ya ukuta, anachungulia, anapiga, anajibanza tena, na dakika ya kumi bado anafanya hivyo hivyo, hifadhi hela yako.

Na tuache kulitumia neno "njia moja" kama tusi. Gemu inayokupeleka moja kwa moja toka mlango hadi mlango inaweza kukushangaza kila mlango. Kuzurura kuna maana pale tu panapokuwa na kitu cha kukuta.

1. Doom + Doom II

Mimi ni mtu wa id Software, studio iliyoiunda Doom, na sifichi. Doom ya kwanza ilitoka 1993, ya pili 1994, na mwaka 2024 zilitolewa upya pamoja katika kifurushi kimoja cha PS4, PS5, Xbox, Switch na kompyuta, kwa dola zisizofika 10. Najua picha zake ni za zamani. Nunua.

Tazama walivyowapanga maadui. Imp anarusha moto unaoweza kuukwepa kwa kuhama hatua mbili. Askari mwenye shotgani hakwepeki, kwa hiyo yeye unaanza naye. Cacodemon, dubwana jekundu la duara lenye jicho moja, linaelea na kukufuata mpaka juu ya shimo. Revenant ana makombora ambayo mengine yanakata kona yakikutafuta. Kisha anakuja Arch-vile. Huyu ni mrefu, mwembamba, na akikuona anaanza kukuwashia moto. Usipopata nguzo ya kujificha kabla hajamaliza, umeungua. Na ukijificha muda mrefu anawarudia wale uliowaua na kuwainua mmoja mmoja. Chumba ulichokwisha kukisafisha kinajaa tena. Ghafla inabidi ukumbuke maiti ziko wapi, nguzo iko wapi, na uamue kama utamkimbilia au utamkimbia. Adui mmoja tu amebadilisha chumba kizima, bila ukuta kuongezwa wala kuondolewa.

Tena maadui hao hugombana. Ukisimama vizuri, risasi ya askari ikampata Imp mgongoni, Imp anamgeukia askari. Hilo ni la 1993! Kuna gemu za leo za bei mara saba ambazo maadui wake hawajui kama wenzao wapo.

Uzururaji nao upo, ingawa kila levo ina mwanzo na mwisho. Unatafuta ufunguo wa buluu, wa njano, mwekundu, unarudi ulikotoka, na njiani unaona kipande cha ukuta ambacho rangi yake imepishana kidogo na wenzake. Unakibonyeza, kinafunguka, ndani kuna deraya. Mwisho wa levo unaonyeshwa asilimia ya maadui uliowaua, vitu ulivyookota na siri ulizozipata. Ukiona siri asilimia 33, unajua kabisa kuna kuta ulizozipita. Kifurushi cha 2024 kina pia sura mpya iitwayo Legacy of Rust, yenye mapepo ambayo hayakuwamo zamani.

2. Doom Eternal

Ya mwaka 2020, na inafundisha kwa ukali. Kila pepo lina pa kulishika: Arachnotron unalivunja mzinga wa mgongoni, Mancubus mikono yake ya mizinga, Cacodemon unalilisha bomu mdomoni. Risasi zinaisha haraka, hivyo unatumia msumeno kupata risasi, moto kupata deraya, na kummalizia adui kwa mikono kupata uhai. Halafu, ukishajiona umeiva, anakuja Marauder mwenye shoka na ngao. Ngao yake inazuia karibu kila kitu. Unangoja macho yake yang'ae kijani anapokujia, ndipo unapiga. Wengi wanamchukia. Mimi nampenda kwa sababu hiyo hiyo: alinikatalia mazoea yangu.

Njia yake ni moja, na sijawahi kuona tatizo. Siri zinaonyeshwa kwa alama za kuuliza kwenye ramani, na karibu na mwisho wa misheni unaruhusiwa kurukia nyuma ukazichukue.

3. Prey (ya 2017)

Kama unachotaka ni kuzurura, acha milima na mito, chukua hii ya studio ya Arkane. Uko ndani ya kituo cha angani, Talos I, na karibu kila mlango una namna tatu za kuufungua. Kuna bunduki inayotema gundi: unaitumia kumgandisha adui, au unajijengea ngazi ukutani ukapanda pasipopandika.

Adui mdogo kabisa humo, Mimic, anajigeuza kuwa kitu chochote cha chumbani. Unaingia ofisini, mezani kuna vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kimetikisika. Kuanzia hapo huingii chumba bila kuhesabu viti. Huo ndio uzururaji ninaouzungumzia: adui na upekuzi vimekuwa kitu kimoja. Kasoro yake ni kungoja kwa muda mrefu unapovuka toka eneo moja hadi jingine kwenye PS4.

4. Half-Life 2

Ya 2004, kwa kompyuta, na hata laptopu ya kazi inaiendesha. Ni njia moja mwanzo hadi mwisho. Nitakupa mfano mmoja wa ufukweni: ukikanyaga mchanga, wadudu wakubwa wanachomoka ardhini. Kwa hiyo unaruka toka mwamba hadi mwamba, unatandika mbao na vyuma chakavu, unaogopa kushusha mguu. Saa moja baadaye wadudu hao hao wanakuwa jeshi lako. Hawakuongeza adui hata mmoja, wameongeza uhusiano wako naye.

5. Metro Exodus

Inachanganya: Volga na jangwa la Kaspi ni ramani za wazi, katikati yake kuna sura za njia moja. Imetulia, inatisha, na viumbe wake wanatofautiana kwa mahali. Nzuri kwa anayependa kutembea polepole.

Halo ya kwanza (2001) ningeipandisha kwa sababu ya vile vijitu vyake vidogo vinavyotimua mbio mkubwa wao akifa. Lakini sura ya The Library ni korido zinazofanana na maadui wa aina moja kwa muda mrefu kupita kiasi, na siwezi kuisamehe. Far Cry 3 ichukue kwa ajili ya wanyama.

Za bei ndogo: Amid Evil kwa kompyuta, sura saba na kila sura ina maadui wake. Freedoom ni ya bure.

Sasa bei. Shilingi yetu haimo kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unalipa kwa dola, na kadi za zawadi za mitaani zinaongezewa faida mpaka unashindwa kuelewa unanunua gemu au unanunua kadi. Diski nyingine nazo zimegeuka funguo tupu. Ya Doom: The Dark Ages ya PS5, ya 2025, ina MB 85 tu, makumi ya GB yanayobaki unayavuta kwa bando lako mwenyewe. Nasema hivyo kuhusu studio ninayoipenda kuliko zote, na inaniuma. Muuzaji aliyenyamaza wakati anapokea hela yako alijua.

Basi, ukifika dukani, muulize diski ina gemu nzima au inapakua. Mwambie aiweke kwenye mashine uione ikianza. Andikishaneni kwenye risiti kwamba unaweza kuirudisha au kuibadilisha ndani ya siku tatu, hata nailoni ikiwa imetoka. Akikataa, rudisha hela mfukoni na uende duka linalofuata.