Uzoefu wangu: ekzosi ya kubadilisha kwenye Boxer 150, jinsi tulivyoituliza na ninavyoitunza hapa Tanga

Nianze na jibu, maana anayetafuta habari hii huwa na swali moja: ekzosi ya kubadilisha, yaani isiyo ya kiwandani, inaweza kutulizwa kelele bila kuinyonga pikipiki? Inaweza. Yangu imetulia, injini inavuta vizuri, na sina mpango wa kutafuta ya kiwandani. Ila kazi yenyewe haiko pale mdomoni mwa bomba wanapokimbilia mafundi wengi. Iko ndani ya sailensa, na iko kule shingoni bomba linapotoka kwenye injini. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari iko pia kwenye matunzo, kwa sababu chumvi ya hewani haina huruma na chuma.

Pikipiki ni Boxer BM 150 ya kabureta. Niliinunua kwa mtu ikiwa imeshafungwa ekzosi hiyo: bomba la asili limekatwa chini ya injini, ikachomekwa sailensa fupi ya mviringo na kubanwa kwa klampu. Ubavuni ina nembo ya kampuni kubwa ya nje, lakini ni kopi, na ukiangalia mishono ya kuchomelea utajua mwenyewe. Ile ya asili muuzaji alikuwa ameshaiuza. Sasa mimi nafanya kazi ya zamu bandarini na nakaa Mikanjuni, kwa hiyo kuna wiki natoka nyumbani usiku wa manane. Nyumba zetu zimebanana, madirisha yanalala wazi kwa sababu ya joto, na nyumba ya pili kuna mama mwenye kichanga. Kupita pale na mlio ule ni kuwadhulumu watu usingizi wao.

Masikio ya mwenye pikipiki nayo yanaumia. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda salama unakatika nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 94 umebakiwa na saa moja tu kwa siku. Vijana wa bodaboda wanaoshinda juu ya bomba lililo wazi kuanzia alfajiri hadi usiku, hili liwafikie.

Fundi niliyempata ana kibanda Ngamiani, mtu mzima, mikono imejaa makovu ya mabomba ya moto. Nilipomweleza shida yangu akauliza, "Mwanangu, unataka niizibe au niitulize?" Kuziba ni kuchomelea bati mdomoni na kuliacha na tundu dogo. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ndogo. Jamaa yangu wa Makorora alifanyiwa hivyo. Mjini huwezi kuona tatizo, lakini tulipotoka pamoja Muheza kupanda Amani, pikipiki yake ilichoka njiani, gia ya pili inalia na mwendo hakuna, wakati yangu inapanda. Moshi ukikosa pa kutokea, joto linabaki kwenye injini, na vali ya kutolea moshi ndiyo inayoonja kwanza. Nikamwambia mzee aitulize.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo palipo na siri yote. Sailensa ya kiwandani ina vyumba na kuta ndani yake; sauti inagonga huku, inarudi kule, inapungua, ndiyo maana ni nzito na haina cha kujaza upya. Hizi za kubadilisha nyingi ni za moja kwa moja: katikati kuna bomba lenye vitundu vingi, na kati ya bomba hilo na gamba la nje hushindiliwa pamba ya kioo. Moshi unapita katikati bila kizuizi, sauti inaingia kwenye vitundu, inasuguana na nyuzi za pamba na kuishia kuwa joto kidogo. Pamba hiyo inaungua, inalowa, inapeperushwa na moshi kidogo kidogo. Ikiisha unabaki na debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Ndivyo tulivyokuta. Fundi aliweka alama ya kalamu kwenye gamba na kwenye kifuniko ili virudi vilivyokuwa, akatoboa vichwa vya riveti kwa drili ya milimita 5, akagonga kifuniko taratibu kwa nyundo ya mbao. Ndani ilikuwa vumbi jeusi lenye mafuta na vipande vichache vya pamba vilivyoganda pembeni. Vitundu vya bomba la kati karibu nusu vilikuwa vimezibwa na masizi. Hivyo alivisafisha kwa brashi ya waya na msumari, kimoja kimoja, na asingefanya hivyo pamba mpya isingesaidia kitu, kwa sababu sauti isingepata pa kuingilia.

Pamba niliagiza Kariakoo, ikaja na basi hadi stendi ya Kange. Usikubali kupewa pamba ya kuzuia joto kwenye dari za nyumba. Nyuzi zake ni fupi na gundi iliyozishika haivumilii moto wa ekzosi. Baada ya muda mfupi inatoka yote mdomoni. Inayotakiwa ni ya nyuzi ndefu, iliyotengenezwa kwa ajili ya sailensa, na kama utapata ya mwamba wa basalti ni bora zaidi kwa joto. Vaa glavu na barakoa unapoishika. Nyuzi zile zinawasha ngozi siku nzima na hazifai kuvutwa puani.

Kabla ya pamba, fundi alizungushia bomba la kati safu nyembamba ya stilwaya ya stenlesi, ile ya kusugulia masufuria yenye nyuzi za kujikunja. Kazi yake ni kuikinga pamba isipigwe na moshi moja kwa moja. Ile ya kawaida inayoshika kutu jikoni haifai, itageuka unga. Kisha akaviringisha pamba kwa usawa na kuishika kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ambao huungua wenyewe baadaye. Kwenye kushindilia ndipo wengi wanapozidisha. Pamba iliyokandamizwa mno inakuwa ukuta na sauti haipenyi, iliyolegea inapeperushwa. Mzee alitaka iingie kwa kusukuma kwa mikono miwili, bila nyundo. Mwisho akapaka silikoni ya kuhimili joto kwenye ukingo, akapiga riveti za stenlesi, na akanikataza kuwasha hadi kesho yake ili silikoni ikauke. Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi na harufu kali. Usishtuke, ni gundi inayoungua.

Shingoni kulikuwa na ugonjwa mwingine. Pale bomba linapokutana na injini palikuwa na masizi meusi, na pikipiki ikiwa ya baridi ulisikia tiktik ya haraka. Gasketi ilikuwa imekwisha. Tundu dogo pale linaleta kelele mbili: moshi unatoka kabla ya kufika kwenye sailensa, na ukiachia mafuta ghafla hewa ya nje inaingia, inakutana na petroli ambayo haijaungua, ndiyo ile milio ya risasi inayowafanya watu wageuke barabarani. Ukitaka kuhakikisha, paka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa ya baridi, washa, tazama povu. Gasketi ya zamani iliyokwisha kubonyea usiirudishe. Nati mbili za shingo zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili bomba likae sawa.

Mdomoni pia kiliwekwa kitu, ila siyo bati. Ni kijibomba chenye vitundu ubavuni kinachochomekwa na kushikwa na bolti moja ya milimita 6, inayofunguliwa kwa spana namba 10. Upana wake wa ndani haujapungua sana kuliko bomba linalotoka kwenye injini. Bolti hiyo hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo ina washa ya springi, na nyuzi zake zimepakwa grisi ya shaba ili zisigande kwa masizi.

Baada ya hapo plagi ikaanza kutoka nyeusi, kavu kama masizi. Kumbe mwenye pikipiki wa kwanza alibadilisha jeti kubwa ya kabureta, ile inayopitisha petroli, akaweka yenye tundu pana zaidi, kwa kuwa bomba lilikuwa wazi. Fundi alirudisha ya saizi ya kiwandani na plagi sasa ina rangi ya kahawia iliyopauka, ndiyo inayotakiwa. Ikitoka nyeupe, petroli ni chache na injini inapata joto kupita kiasi. Kwa hiyo unapotuliza ekzosi usiondoke kwa fundi bila kukubaliana kwamba utarudi kukagua plagi.

Matokeo nilipima kwa programu ya simu. Simu siyo kipimo cha kitaalamu, ila simu ile ile, mahali pale pale, inafaa kulinganisha. Nilishika nusu mita kutoka mdomoni, pembeni kwa nyuzi 45, kama wanavyopima pikipiki iliyosimama. Tofauti ilikuwa kama desibeli 9, na sikio la binadamu huchukulia kushuka kwa desibeli 10 kama sauti imekatika nusu. Ule ukali wa kuchoma masikio umeondoka. Uliobaki ni mngurumo wa chini, kwa kuwa pamba hukamata vizuri sauti nyembamba kuliko nzito. Ukivuta mafuta kwa nguvu bado utasikika, na anayetaka ukimya wa Boxer mpya kabisa anunue ya kiwandani. Bibi wa nyumba ya mbele aliniuliza kama nimeuza pikipiki.

Vifaa vyote pamoja na kutuma mzigo havikufika Sh 50,000, na fundi nilimpa Sh 20,000. Huduma yake naipa alama zote. Ekzosi yenyewe siipi hata nusu, na sababu ni chuma chake. Watu hupima kwa sumaku wakidhani ikishika basi si stenlesi. Siyo kweli, stenlesi ya daraja la 409, inayotumika sana kwenye ekzosi, inashika sumaku. Ina kromi, madini yanayokinga kutu, karibu asilimia 11 tu, kwa hiyo inapata kutu ya juujuu. Ya 304 ina kromi 18 na nikeli 8, inavumilia zaidi. Yangu gamba la nje ni zuri, lakini kishikio na mishono ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na kutu imeanzia hapo.

Matunzo yangu hayana gharama. Nikitoka barabara ya Raskazone au kule Deep Sea kwenye samaki, naifuta kwa kitambaa chenye maji baridi ikishapoa, nakausha. Kwa mwosha pikipiki naziba mdomo kwa mfuko, kisha naiwasha hadi ipate joto, maana pamba iliyolowa inaharibika na kulitia kutu bomba la ndani. Safari fupi fupi nazo zina hatari yake: petroli ikiungua inazaa maji, na yasipopata joto la kuyakausha yanakaa chini ya sailensa pamoja na tindikali ya moshi. Fundi alitoboa kitundu cha milimita 2 sehemu ya chini kabisa ili yatoke. Kishikio nimekikwangua na kukipaka rangi ya kuhimili joto. Rangi ya kawaida inabanduka mara moja.

Kilichobaki ni raba ya kishikio, imekakamaa na inapitisha mtikisiko hadi kwenye fremu, ndiyo inayolegeza bolti ya mdomoni. Nimeshaiagiza. Kabla ya masika nitatoa tena riveti niangalie pamba. Ikiwa bado ina mwili nitafunga kama ilivyo, ikiwa imeshapungua nitaongeza tu ile safu ya juu.