XP na Windows 10 kwenye diski moja: uzoefu wangu na GParted

Marehemu baba aliniachia studio ya picha hapa Mtwara mjini, makabati mawili yaliyojaa negativu, na skana ya filamu ambayo draiva zake ziliishia Windows XP. Skana bado ni nzima kabisa. Ila kazi za kila siku, kusafisha pasipoti saizi, kuwajazia watu fomu mtandaoni, kupokea picha za wateja, zinataka Windows 10, maana vivinjari vya sasa havikubali tena XP. Mashine ya pili sikuwa na uwezo nayo. Ikabidi zote mbili zikae kwenye diski moja ya GB 500.

Mara ya kwanza nilimpa fundi. Akapiga XP kwenye mashine iliyokuwa tayari na Windows 10, na baada ya hapo ikawa inawaka XP peke yake. "Dada, ile nyingine imefutika, tufomati tuanze upya." Nikakubali. Baadaye ndipo nikajua haikuwa imefutika. XP ni ya 2001, haijui namna Windows zilizokuja baada yake zinavyojiwasha, kwa hiyo huandika programu yake ya kuwashia juu ya ile iliyopo. Data zilikuwa salama mpaka tulipofomati. Humo zilikuwamo picha za harusi mbili ambazo wenyewe hawajazichukua. Sijawahi kuwa na siku nzito kama ile ya kuwaambia.

Nikaamua kujifunza. GParted, programu ya kugawa diski vipande, ni ya bure na haifiki GB 1, hivyo hata bando dogo linatosha. Unaichoma kwenye flashi, kompyuta inawaka kwa flashi hiyo, Windows haiguswi. Diski unaiona kama ubao mrefu uliokatwa vipande vya rangi, na kila unachopanga kinangoja kwenye foleni mpaka uamuru kifanyike. Nilikata, nikaghairi, nikakata tena, diski ikiwa haijaguswa. Lakini shika hili: kutengeneza jedwali jipya la patisheni, yaani orodha ya vipande vya diski, hakungoji foleni. Ukishakubali onyo, vilivyokuwamo vimepotea papo hapo.

Jedwali nilichagua MBR, ambalo GParted inaliita msdos, kwa sababu XP ya biti 32 haisomi diski za GPT, jedwali la aina mpya. MBR inakupa patisheni kuu nne na mwisho wake ni TB 2, kwangu inatosha. Diski ya GB 500 kompyuta huisoma kama 465, kwani kiwanda huhesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Nikatoa GB 40 za XP, GB 150 za Windows 10, na zilizobaki, kama 275, nikaziita KAZI. Vyote niliviweka kwa NTFS, muundo wa Windows wa kuhifadhi faili. Muundo wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi GB 4, na video ya harusi inavuka hapo bila shida.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea: GParted huanzisha vipande kwenye mpaka wa MiB (baiti 1024 mara 1024), wakati XP ikijikatia yenyewe huanzia sekta ya 63, sekta zikiwa vile visehemu vidogo vya diski, na diski za sekta za baiti 4096 huwa nzito kwa mpangilio huo. Kwa hiyo wakati wa kupiga XP usifute kipande ulichokata. Kichague kilivyo.

Kabla ya hapo niliingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, nikaitoa SATA (njia ya diski) kwenye AHCI, mfumo mpya, nikaiweka IDE, ule wa zamani, maana CD ya XP bila draiva za AHCI haioni diski. Nikapiga XP kwanza, Windows 10 baadaye. Hii ya pili ilimkuta mkubwa wake na kumweka yenyewe kwenye orodha ya kuwashia.

Wiki za mwanzo picha nilizoskani kwenye XP zilikuwa hazionekani nikirudi Windows 10. Chanzo ni ule uwashaji wa haraka: Windows 10 haizimiki kabisa, hulala ikikumbuka diski ilivyokuwa, na faili zinaweza hata kuharibika. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off, ikaisha. XP nayo hufuta pointi za kurejesha za Windows 10, zile za kuirudisha ilivyokuwa siku za nyuma, kila inapoiona diski yake, kwa hiyo nakala naweka nje. Intaneti siipi XP hata kidogo. Matengenezo yake ya usalama yalikoma 8 Aprili 2014.

Ukitaka kusogeza mwanzo wa kipande chenye data, azima UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Data yote inahamishwa, na umeme ukikatika katikati hakuna kurudi nyuma.

Bahasha ya kwanza niliyoskani ilikuwa ya harusi ya Mikindani, maharusi wamesimama mbele ya boma la Wajerumani. Bi harusi mwenyewe, sasa ana wajukuu, alikuja juzi. Nilimwamkia, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akaiangalia muda mrefu, kisha akaniomba nimchapie kubwa, ya ukutani.