Nachos au xv6: uanzie wapi kuchokonoa kerneli?

Nachos, iliyotoka Berkeley mwaka 1992, ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kujifunzia, inayokimbia kama programu ya kawaida ndani ya Linux; kompyuta yake ya MIPS (aina ya kichakataji) ni ya kuigiza tu. Raha yake ni kusaka hitilafu. Saa yake haitembei yenyewe: husogea pale tu katizo (ishara za kukatisha kazi ya kichakataji) zinaporuhusiwa tena, programu ya mtumiaji inapotekeleza amri, au pasipokuwa na kazi inayosubiri zamu. Ukiiwasha kwa chaguo la -rs (mbegu ya nasibu) na namba ileile, nyuzi (mikondo ya kazi inayopeana zamu) hupokezana kwa mpangilio uleule, na hitilafu iliyokutoa jasho jana inajitokeza palepale leo.

xv6 ya MIT (2006) haina huruma hiyo. Ni kerneli kamili, siku hizi ya RISC-V (aina nyingine ya kichakataji), ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta. Kuongeza wito mmoja wa mfumo (njia ya programu kuiomba kerneli huduma) kunakuzungusha faili kwa faili: syscall.h, syscall.c, user.h, usys.pl. Ukisahau hiyo ya mwisho, kiunganishi (programu inayounga vipande vya msimbo) kinagoma. Ila unashika majedwali ya kurasa (ramani ya kumbukumbu ya kila programu) kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa kufuli (zinazozuia nyuzi kugongana kwenye data moja) na upangaji wa nyuzi, nachagua Nachos. Kwa kumbukumbu, xv6 bila ubishi. Na ujiandae: programu za Nachos zinataka kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya MIPS, na kuisimika ni usumbufu mtupu.